Kuwashwa kuliisha, fangasi akabaki: uchambuzi wa kisa kimoja cha miguu

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya matabibu wenzangu wa vituo vya afya, wauzaji wa maduka ya dawa, na yeyote ambaye miguu humuwasha kila mvua zikianza. Mgonjwa ameridhia kisimuliwe. Umri, kazi na mahali nimevigusa kidogo ili asitambulike, lakini mtiririko wa ugonjwa na wa matibabu umebaki ulivyokuwa.

Mgonjwa na mazingira yake

Ni mwanamume wa makamo, mkazi wa mji mmoja wa pwani ya Tanzania, ana mke na watoto. Riziki yake iko kwenye soko la samaki: anapakua maboksi, anavunja barafu, anaosha sakafu. Gambuti huzivaa tangu alfajiri hadi adhuhuri, na siku samaki wakiwa wengi hadi jioni. Anazo jozi moja tu. Gambuti ya mpira huzuia maji ya nje yasiingie, ila jasho la ndani nalo haliachii, na maji ya barafu yakishamwagika kwa juu yanakaa humo humo hadi mwisho wa kazi. Soksi alikwisha ziacha kwa sababu zilikuwa zikinuka.

Ni mtu wa swala tano. Nalitaja hili kwa sababu linahusu miguu moja kwa moja. Kila udhu anaosha miguu, tena vizuri, akipitisha kidole baina ya vidole kama alivyofundishwa chuoni. Tatizo haliko kwenye kuosha. Baada ya hapo miguu haifutwi, inarudi kwenye kandambili za msikitini zinazovaliwa na kila mtu, kisha inaingia kwenye gambuti ikiwa bado mbichi.

Havuti sigara, hanywi pombe, na hakuwahi kuambiwa ana sukari.

Mwaka mzima wa kukuna

Ugonjwa ulianza wakati wa masika, kati ya kidole cha nne na cha mwisho cha mguu wa kushoto. Hapo ndipo fangasi wa miguu huanzia kwa wengi, maana vidole hivyo vimebanana kuliko vingine na hewa haipiti. Ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa, inavuka akiikuna, na chini yake pekundu panapochonyota. Alipaka ndimu na chumvi. Kukachonyota zaidi, kukakauka, baada ya wiki kukarudi.

Akaenda duka la dawa. Muuzaji hakuuona mguu; alisikia neno "fangasi" na "nawashwa sana", akatoa tyubu ya krimu ya mchanganyiko. Ndani yake mlikuwa na dawa tatu: betamethasoni, ambayo ni steroidi kali (dawa ya kutuliza muwasho na wekundu), klotrimazoli, inayoua fangasi, na jentamaisini, ya bakteria. Krimu za namna hii zimejaa madukani.

"Usiku wa pili nililala fofofo," alinieleza. "Nikasema hii ndiyo dawa."

Kuwashwa kulipoisha akaiweka tyubu juu ya kabati. Mwezi haukuisha, kukarudi. Akapaka tena siku tatu nne, kukatulia. Ikaenda hivyo miezi yote ya kiangazi, tyubu baada ya tyubu.

Kufikia vuli sura ya ugonjwa ilikuwa imebadilika. Nyayo zote mbili zilikauka na kutoa unga mweupe kwenye mistari ya ngozi, ukavu ukapanda hadi pembeni mwa mguu, visigino vikapasuka. Kila aliyeona alisema ni magaga. Akawa anasugua kwa jiwe na kupaka mafuta ya mgando. Kiganja cha kulia nacho kikaanza kubanduka, cha kushoto kikabaki salama. Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kushoto ukawa mnene na wa njano. Mkewe alimsihi aende hospitali, naye akajibu: "Niende hospitali kwa fangasi, si watanicheka?"

Siku aliyoletwa

Alikuja kwa bajaji, masika yakiwa yamerudi, anatetemeka kwa baridi kwenye joto la saa nane mchana. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba na kuwa mwekundu kutoka kwenye kifundo hadi karibu na nusu ya muundi, wa moto, unauma ukiguswa. Kinenani alikuwa na mtoki. Nyumbani walikwisha gawanyika: upande mmoja wanasema amekanyaga kitu kibaya, upande mwingine wanasema matende.

"Shikamoo mzee. Pole sana."

"Marahaba mwanangu. Niambie ukweli, haya si matende?"

Hofu yake ilikuwa na msingi. Ukanda wa pwani unayajua mabusha na matende vizuri, na watu wamekunywa dawa za kampeni miaka na miaka. Lakini matende hayaanzi hivi kwa mtu ambaye mguu wake ulikuwa wa kawaida juzi. Damu iliyoganda kwenye mshipa wa ndani niliiwaza pia, kwa kuwa huvimbisha mguu mmoja. Homa, mtoki na wekundu wenye mpaka vilinielekeza kwingine. Nikatenganisha vidole. Kati ya cha nne na cha mwisho palikuwa na ufa unaotoa majimaji yenye harufu. Mlango ulikuwa pale.

Huu ni uambukizo wa bakteria kwenye ngozi na tabaka lililo chini yake, selulaitisi. Bakteria hawa, mara nyingi streptokokasi au stafilokokasi, hawapenyi ngozi nzima. Huhitaji mpasuko, na ufa wa fangasi katikati ya vidole ni miongoni mwa mipasuko wanayoitumia sana kuingia mguuni. Wengi wetu tukiona muundi mwekundu tunautazama muundi tu.

Maamuzi, na kwa nini

*Bakteria kwanza.* Alilazwa siku mbili, akachomwa sindano za antibayotiki, kisha akaendelea na kapsuli za kloksasilini nyumbani. Mguu uliinuliwa juu ya mito. Mpaka wa wekundu tuliuchora kwa kalamu ya wino ili kesho yake tuone kama unasonga mbele au unarudi nyuma. Njia hii haina gharama, na inazuia ubishi kati ya tabibu wa zamu ya usiku na wa asubuhi.

*Sukari na VVU.* Tulipima vyote kwa ridhaa yake. Mwenye kisukari akipata ufa mguuni ana safari nyingine kabisa, na fangasi aliyesambaa hivi anadai mtu aulize kuhusu kinga ya mwili. Majibu yote yalikuwa mazuri, na hilo likatuacha na mtuhumiwa mmoja: ile tyubu.

*Krimu ya mchanganyiko isimame siku hiyo hiyo.* Nilimtahadharisha kwamba kuwashwa kungeweza kurudi kwa nguvu kwa siku kadhaa. Asiyeambiwa hivyo huiona dawa mpya kuwa mbaya akairudia ya zamani.

*Kuthibitisha kabla ya vidonge.* Krimu ya fangasi naweza kuianzisha kwa macho tu. Vidonge vinapita kwenye ini na vina bei, kwa hiyo nilitaka ushahidi. Maabara ilikwangua ngozi sehemu mbili, ikaiweka kwenye potasiamu haidroksaidi, kemikali inayoyeyusha seli za ngozi na kumwacha fangasi aonekane. Kipande cha katikati ya vidole hakikuonyesha kitu, maana ngozi iliyolowa vile imetawaliwa na bakteria. Kile cha pembeni mwa unyayo, mahali ukavu unapopakana na ngozi nzima, kilikuwa kimejaa nyuzi zenye matawi. Ningepeleka kipande cha kwanza peke yake, jibu lingekuwa "hakuna fangasi" na mgonjwa angerudishwa nyumbani na magaga yake.

Kilichokuwa kimeitwa magaga ni aina ya fangasi inayovaa unyayo mzima, na kwa kawaida husababishwa na fangasi aitwaye Trichophyton rubrum. Inawasha kidogo, inaenda polepole, na watu huishi nayo miaka wakidhani ni ukavu. Kiganja kimoja kubanduka pamoja na nyayo mbili ni dalili inayojulikana sana kwa madaktari wa ngozi: mkono unaokuna ndio unaobeba. Ukimwona mtu wa magaga, mwombe pia afungue viganja.

*Dawa ipi.* Kwa katikati ya vidole, baada ya ufa kukauka, nilichagua krimu ya klotrimazoli peke yake, mara mbili kwa siku, wiki nne. Terbinafini ya kupaka ingemaliza kazi kwa wiki moja au mbili, ila siku hiyo haikupatikana. Kwa unyayo krimu haitoshi, kwa kuwa ngozi ile ni nene. Hapo niliandika vidonge vya terbinafini, miligramu 250 kwa siku kwa wiki mbili, baada ya kipimo cha ini kurudi kizuri. Griseofulvini ingekuwa nafuu kwa bei, lakini inataka wiki nyingi zaidi na imezwe na chakula chenye mafuta, na mgonjwa huyu tayari alikuwa na mazoea ya kuacha dawa akijisikia nafuu. Muda mfupi ulikuwa na thamani kuliko bei ndogo.

Vidonge vilianza baada ya homa kwisha na kapsuli kukamilika. Ukianza dawa mbili ngeni kwa pamoja kisha mwili ukatoa upele, hujui umlaumu nani.

Kwa ngozi nene ya unyayo famasia ya hospitali ilituchanganyia marhamu ya Whitfield: asidi benzoiki asilimia 6 na asidi salisiliki asilimia 3. Ni dawa ya tangu enzi za babu zetu, na kazi yake ya kubandua ngozi ngumu inaifanya vizuri. Ilipakwa nyufa za kisigino zilipofunga, kwa sababu kwenye kidonda inaunguza. Katikati ya vidole isipakwe ngozi ikiwa imechubuka.

*Ukucha tuliuacha kwa muda.* Ukucha wa mguu unadai terbinafini kwa wiki kumi na mbili. Tulizungumza, tukapima mfuko wake, tukakubaliana unyayo utangulie. Gharama ya uamuzi huo tuliijua: ukucha wenye fangasi ni ghala, unaweza kuirudishia mbegu ngozi iliyopona.

*Kukausha.* Hapa ndipo maongezi yalikuwa marefu kuliko yote. Nilimwomba awe na kitambaa chake kidogo mfukoni, na baada ya kila udhu akaushe baina ya vidole. Alisita, asije akafuta thawabu. Akaenda kumuuliza imamu wake, akaambiwa kujifuta hakuharibu udhu. Hilo lilimtuliza kuliko chochote ambacho ningesema mimi. Kandambili za msikitini akabadilisha na zake mwenyewe. Soksi za pamba akarudi kuvaa, jozi mbili kwa siku, moja ibadilishwe katikati ya kazi. Gambuti zikitoka kazini zipinduliwe juu ya miti zikauke. Na asubuhi avae soksi kabla ya chupi, maana chupi inayopita kwenye vidole vyenye fangasi humpandisha hadi kinenani.

Barua fupi niliwaandikia wasimamizi wake wa kazi, nikiomba apatiwe jozi ya pili ya gambuti ili zipokezane siku kwa siku.

Matokeo

Wekundu ulianza kurudi nyuma ya mstari wa wino kesho yake, mguu ukapungua ndani ya wiki, ingawa uvimbe kidogo wa jioni ulibaki kwa muda.

Vidonge alinunua vya wiki ya kwanza, akakwama. Mkewe ndiye aliyeongezea kutoka kwenye pesa ya kijumbe, akamaliza wiki ya pili bila siku nyingi kupotea katikati. Mwezi baadaye nyayo zilikuwa laini na kiganja kimepona bila kupakwa chochote, kwa kuwa vidonge vilikifikia. Alitania kwamba sasa anapeana mikono na watu bila kuficha.

Barua ya gambuti haikujibiwa. Baadaye alipata jozi ya mtumba, ila ilimbana vidoleni, na kiatu kinachobana hapo ni bora kisivaliwe. Vuli ilipofika, kati ya kidole cha nne na cha mwisho kulianza tena kuwa kweupe. Safari hii alikuja mapema, ngozi haijapasuka, akapewa klotrimazoli peke yake kwa wiki nne. Homa haikurudi, wala uvimbe.

Mtoto wake wa kiume, aliyekuwa akizivaa gambuti hizo hizo kwenda kisimani, alikutwa na malengelenge madogo yanayowasha kwenye upinde wa unyayo. Hiyo ni sura ya tatu ya fangasi wa miguu, na watu wengi huidhania mzio. Alipona kwa krimu.

Kilichofaa na kilichokwama

Dawa sahihi ilikuwamo ndani ya tyubu ile tangu mwanzo. Klotrimazoli aliyopaka mwaka mzima ni ile ile niliyomwandikia. Tofauti ni kwamba klotrimazoli inahitaji wiki nne, na steroidi iliyofungwa nayo pamoja ilimwondolea kuwashwa kwa siku mbili. Mgonjwa hana kipimo kingine cha kupona isipokuwa kuwashwa. Kukiisha, dawa inaishia kabatini, fangasi akiwa ndiyo kwanza amechubuliwa. Krimu ile ilimnyamazisha mbwa wa ulinzi mwizi akiwa bado ndani.

Kuna na madhara ya pili. Wekundu, mwinuko wa ukingo na muwasho ni kazi ya kinga ya mwili inayopambana. Steroidi inaizima kinga hiyo mahali hapo, fangasi anasambaa kwa utulivu, na ngozi inapoteza sura inayomwezesha tabibu kuutambua ugonjwa. Wataalamu wa ngozi huuita tinea incognito, na ndiyo maana sura yake ilidanganya watu miezi yote ile. Steroidi kali ikipakwa muda mrefu pia huifanya ngozi iwe nyembamba na nyepesi kupasuka. Hatuwezi kuthibitisha kwamba ufa ule ulitokana na krimu, lakini haikuusaidia kufunga.

Tuangalie India. Huko krimu hizi za mchanganyiko zimetumika kiholela kwa miaka, na fangasi sugu kwa terbinafini ameenea, aina iliyopewa jina Trichophyton indotineae mwaka 2020. Amekwisha kuonekana Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Hupenda zaidi kiwiliwili na kinena kuliko miguu, na ugonjwa wa mzee wetu haukuwa na dalili ya usugu. Lakini mgonjwa akimeza terbinafini kwa uaminifu na hapati nafuu, siku hizi usugu ni jambo la kuwaza.

Muuzaji simlaumu peke yake. Mteja anataka nafuu ya usiku huo huo, na anarudi kushukuru. Mpango wa maduka ya dawa muhimu, ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, ulijengwa juu ya wazo kwamba muuzaji aliyefunzwa anaweza kuwa mlango wa kwanza wa afya, na kwa fangasi wa kawaida wa vidoleni anaweza kweli. Tuliongea na wauzaji wa jirani tukawaomba mambo mawili: waseme "nionyeshe mguu", na wakitoa klotrimazoli waandike juu ya boksi "wiki nne hata kama hakuwashi". Baadhi walikubali. Mmoja alisema wateja wake wanataka kitu chenye nguvu, na sikupata jibu la kumridhisha. Kosa lingine tulilolikuta kwao ni nistatini kutolewa kwa fangasi wa miguu. Nistatini inafanya kazi kwa kandida, ambaye ni fangasi wa aina nyingine. Kwa familia ya Trichophyton ni pesa iliyotupwa. Vidonge vya ketokonazoli navyo viachwe: mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza visimamishwe kwa sababu ya kudhuru ini.

Kuchagua muda mfupi wa vidonge kulifaa, ijapokuwa nusura pesa ituangushe. Kuanza na imamu kungekuwa bora kuliko kumalizia naye. Neno lake lilibadilisha udhu wa msikiti mzima, si wa mtu mmoja, na sasa kuna kamba ya kuanikia vitambaa pale kwenye mabomba.

Kilichokwama ni gambuti. Mtu anayesimama kwenye maji ya barafu kwa muda wa saa nane hawezi kukausha miguu kwa ushauri. Mradi jozi ya pili inayomtosha haipo, fangasi wa vidoleni atarudi kila mvua, na kazi yetu inabaki kumkamata kabla ngozi haijapasuka. Hilo si dogo kwa pwani. Kila shambulio la selulaitisi linajeruhi mishipa ya limfu, ile inayoondoa majimaji mguuni, na mguu ulioshambuliwa mara nyingi huishia kubaki umevimba, hata kwa mtu asiye na minyoo ya matende. Wahudumu wa wagonjwa wa matende wanalijua hili siku nyingi: wanawafundisha kuosha mguu kwa sabuni, kukausha baina ya vidole na kupaka dawa ya fangasi, na kwa njia hiyo homa za mara kwa mara hupungua.

Ukucha bado. Ameanza kuweka akiba ya wiki kumi na mbili, na tumekubaliana tupime ini kabla ya kuanza na tena katikati ya dozi. Nimemweleza asiuhukumu mapema, kwa kuwa ukucha wa kidole gumba cha mguu huota taratibu, mwaka hadi mwaka na nusu kutoka shina hadi ncha. Sehemu ya njano haitageuka kuwa safi. Itasukumwa mbele na ukucha mpya, naye atakuwa akiikata kidogo kidogo.